Roboti Iliyopisha Upande Usiofaa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja katika Makao ya Wazee

Majina, tarehe na kila kitu kinachoweza kuyatambulisha makao haya vimeondolewa. Wakazi wanatajwa kwa herufi, na baadhi ya vipimo vimezungushwa kidogo. Niliitwa siku ya nne baada ya mkazi mmoja kuanguka mbele ya roboti ya kubeba vitu, niwe mpitiaji wa tukio hilo kutoka nje. Nimeuguza wazee kwa miaka mingi kuliko niliyoshughulika na mashine, na msomaji ataliona hilo katika hukumu zangu.

Mahali na mashine

Wakazi wote wanaishi ghorofa moja, vyumba vimepangwa kushoto na kulia kwa korido moja ndefu yenye upana wa mita 2.1. Kila ukuta una reli ya kushikia, kimo cha sentimita 90 hivi, inayokatika mlangoni tu. Wachache wanatembea mikono mitupu. Wengine wana fremu, mkongojo au kitimwendo, na wapo wasiotumia chombo chochote ila reli yenyewe: wanaikamata, wanapiga hatua, wanaikamata mbele kidogo, wanapiga nyingine.

Roboti iliingia kupeleka taulo, mashuka na maji ya kunywa. Ina upana wa sentimita 55, trei juu, magurudumu chini, na mwendo wake wa juu ulikuwa mita 0.7 kwa sekunde. Wahudumu ndio walioiomba. Toroli la mashuka lilikuwa limewamaliza migongo, na hadi leo hakuna hata mmoja wao aliyetaka irudishwe kwa muuzaji.

Muuzaji aliisifu kuwa ina adabu. Kwa vitendo, adabu hiyo ilikuwa kanuni chache: ipite upande wake wa kulia, isimsogelee mtu karibu kuliko mita 1.2, ikikutana na mtu ijibane ukutani, isimame, iwashe taa ya buluu, na mtu asipopita ndani ya sekunde 8, iseme kwa sauti nyororo ya kitoto, "Karibu, tafadhali pita."

Kile kipimo cha mita 1.2 kina asili yake. Mwanaanthropolojia Edward T. Hall, mwaka 1966, aligawa nafasi inayomzunguka mtu katika kanda: ya wapendwa hadi sentimita 45 hivi, ya binafsi hadi mita 1.2, ya kijamii hadi mita 3.6, kisha ya hadhara. Waundaji wa roboti wamezichukua namba hizo kwa miongo kadhaa, nusu wakiwa wamesahau kwamba Hall mwenyewe alitahadharisha: aliwaangalia zaidi watu wazima wenye afya, wa tabaka la kati, wa pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Wenye afya. Neno hilo lingebandikwa mlangoni pa makao haya kabla mashine haijashushwa kwenye gari, huenda nisingeandika kisa hiki.

Wiki za kwanza

Roboti iliipima korido kwa kihisi chake cha leza kilichowekwa sentimita 25 kutoka sakafuni. Ikachora ramani: kuta, milango, nguzo. Reli hazikuonekana, kwa kuwa mwali wa leza ulipita chini yake. Hakuna aliyeona upungufu huo kwa sababu ramani ilikuwa safi na mashine haikugonga kitu.

Mambo mawili yalitokea kabla ya tukio lenyewe, na yote mawili yaliandikwa.

Mzee B alipata kiharusi zamani. Macho yake hayana kasoro, ila ubongo wake haujali upande wa kushoto: chakula kilicho kushoto mwa sahani hakili, mtu anayemjia kutoka kushoto hamwoni mpaka awe amefika. Roboti ilimtokea mara tatu upande huo, na mara zote tatu aliichapa kwa mkongojo. Daftari la zamu likaandika chini ya safu ya "tabia": mkazi ana hasira na kifaa, aelimishwe.

Mzee C ana ugonjwa wa Parkinson. Miguu yake huganda mlangoni na mahali pembamba, kana kwamba imegundishwa sakafuni. Siku moja, karibu na ukumbi wa chakula, roboti ilimkatiza mbele. Akaganda, roboti nayo ikasimama kumsubiri, sekunde 8 zikaisha, ikamwambia apite. Mzee akageuka kuitafuta sauti. Kugeuka ndiko hatari kubwa kwa mgonjwa wa aina yake, na aliponea mikononi mwa mpishi. Daftari likaandika chini ya safu ya "kitabibu": miguu kuganda, daktari aarifiwe.

Mashine moja, safu mbili, wasomaji wawili tofauti.

Asubuhi ya tukio

Bibi A alitoka chumbani kwenda ukumbini. Bega lake la kulia halinyanyuki, hivyo huishika reli kwa mkono wa kushoto, na ndiyo maana siku zote hutembea akiambatana na ukuta wa kushoto. Roboti ilikuwa ikija kutoka upande wa pili. Ukuta wa kushoto wa Bibi ulikuwa ukuta wa kulia wa roboti.

Mashine ilimwona mapema na ikafanya sawasawa na ilivyofundishwa. Ilijibana ukutani, ikasimama mbele yake mita mbili hivi, ikawasha taa ya buluu. Ilimwachia karibu mita moja na nusu ya sakafu tupu. Kijana angepita bila hata kuitazama.

Bibi naye alisimama. Alichokiona ni kwamba reli yake imezibwa. Taa ya buluu sidhani kama ilimfikia vizuri. Lenzi ya jicho hupata umanjano kadiri umri unavyokwenda na huuchuja mwanga wa buluu kabla ya rangi nyingine. Wakasubiriana. Kisha sauti nyororo ikatoka. Masikio ya wazee hupoteza kwanza sauti za juu, kwa hiyo baadaye alisema alisikia "kama ndege", akadhani anafukuzwa.

Akaiachia reli. Hatua ya kwanza aliipiga. Katika ya pili sauti ilirudia maneno yake, akageuza kichwa, goti likakunjika, akaketi chini kwa kishindo.

Sehemu inayofuata niliisoma mara mbili kwenye kumbukumbu za mashine. Kihisi cha miguu, kinachomtambua mtu kwa miguu yake, kilipoteza miguu. Kitu kilichokuwa sakafuni sasa hakikuwa na umbo la mtu anayetembea, kwa hiyo kilihesabiwa kuwa kizuizi cha kawaida, kama ndoo. Njia ya ukutani ilikuwa wazi. Roboti ikaendelea na safari, ikapeleka taulo, na ikaandika kwamba kukutana na mtu kulimalizika bila mguso. Mhudumu aliyepokea taulo ndiye aliyeshangaa kwa nini Bibi A hajatokea, akatoka kumtazama.

Picha za eksirei hazikuonyesha mfupa uliovunjika. Nyonga ilivia damu.

Maamuzi, moja baada ya jingine

La kwanza lilichukuliwa ndani ya saa moja na lilikuwa zuri kuliko yote: meneja wa zamu aliizima mashine kwa saa za mchana, akampigia simu binti wa Bibi kabla ya chakula cha mchana, na akamtaka fundi wa ndani anakili kumbukumbu zote kabla muuzaji hajafika. Kumbukumbu zile hujifuta baada ya siku 14. Bila nakala hiyo tungebaki na maneno ya pande mbili, na kila upande ungekuwa mkweli.

La pili lilikuwa la muuzaji. Alipendekeza umbali uongezwe kutoka mita 1.2 hadi 1.8, na uongozi ukakubali siku hiyohiyo, kwa kuwa katika karatasi lilionekana ni jambo la usalama. Hesabu yake ni ya darasa la nne: korido ina mita 2.1, toa sentimita 55 za roboti, inabaki mita 1.55. Hakuna pahali katika korido ile ambapo sharti jipya lingetimizwa mbele ya mtu yeyote. Roboti iliporudishwa kazini ikawa inaganda kila ilipomwona binadamu. Tatizo hilo lina historia. Trautman na Krause walilieleza mwaka 2010, kwamba roboti inayoogopa kila uwezekano wa kumkaribia mtu huishia kuona hakuna njia yoyote salama, ikasimama palepale. Wahudumu, wenye mashuka ya kubadilisha, wakaanza kubonyeza kitufe chekundu na kuisukuma kwa mikono hadi mahali penye nafasi. Mara mbili waliiacha mbele ya mlango wa choo. Siku ya tatu ikazimwa tena.

Hapo ndipo nilipoitwa. Kazi niliyoifanya ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: niliomba mchoro wa sakafu wa karatasi, nikawapa wahudumu wa zamu zote kalamu za rangi, nikauliza nani hutembea wapi na mkono gani. Walimaliza kwa dakika 40. Njia ya Bibi A ilichorwa na watu sita tofauti, na mistari yote sita ilikuwa ukuta uleule. Mfanyakazi wa usafi aliongeza kitu ambacho wauguzi hawakukijua: saa ya jioni, jua linapopiga sakafu kutoka dirisha la mwisho, wakazi wawili wenye ugonjwa wa kusahau hukwepa ule mng'ao kama wanaokwepa dimbwi, na huhamia upande wa pili.

Kutokana na mchoro huo tuliafikiana na mhandisi wa muuzaji, ambaye kwa haki yake alikuja na kukaa siku mbili koridoni akitazama tu.

Reli ziliingizwa kwenye ramani kwa mkono. Ukanda wa sentimita 60 kando ya kila reli ukawa ghali katika hesabu ya njia ya mashine mtu anapokuwa upande huo, ili iutumie pale tu isipokuwa na budi. Kanuni ya kukaa kulia ikafutwa.

Korido ikagawanywa vipande, na palipo na milango ya stoo, ambako reli hukatika, pakatengwa sehemu nne za kupishana. Kipande chenye mtu hakiingiliwi. Mtu akitokea roboti ikiwa tayari ndani, inarudi kwenye sehemu ya karibu kwa mita 0.3 kwa sekunde, na ikishindwa inasimama upande usio na mtu. Taa ikawa ya rangi ya chungwa na haimetimeti.

Sauti tuliiondoa kabisa koridoni. Hapa nilikaza shingo. Mwaka 1997 Lundin-Olsson na wenzake walionyesha katika jarida la Lancet kwamba wazee wanaoacha kutembea pale wanaposemeshwa huanguka zaidi baadaye. Yaani kutembea kwenyewe kumeshakula akili yao yote. Mashine inayomsemesha mtu wa namna hiyo akiwa katikati ya hatua inamnyang'anya kile anachosimamia. Muuzaji alisema wakazi wataikuta baridi, haina urafiki. Nikamjibu kwamba urafiki ungoje hadi mtu amekaa.

Kihisi cha miguu kikasaidiwa na kamera inayopima umbali, iliyoelekezwa kimo cha kiwiliwili. Fremu ya kutembelea ina miguu minne, ukijumlisha ya binadamu ni sita. Gauni refu halina hata mmoja. Sharti likawekwa kwamba mtu aliyeonekana kisha akatoweka bila kutoka kwenye kipande achukuliwe kuwa ameanguka: mashine isimame na kengele ya wauguzi ilie.

Uamuzi uliotuchukua muda mrefu kuliko yote haukuwa wa ufundi. Mhandisi alitaka mashine imtambue kila mkazi, kwa sura au kwa bangili, ili ijue Mzee B ajiwe kutoka kulia na Mzee C asikatizwe. Kiufundi alikuwa sahihi. Kamati ya familia ilikataa. "Baba yangu si sanduku la kubandikwa alama," alisema mmoja wao, na nadhani ndiye aliyebadilisha mwelekeo wa kikao. Tukachagua njia ya gharama zaidi: mashine isimjue mtu yeyote, imchukulie kila anayepita kuwa ana bega la Bibi A, upande wa kushoto usiojaliwa wa Mzee B na miguu ya Mzee C kwa pamoja. Roboti inakuwa ya polepole mno, lakini hakuna orodha ya magonjwa ya watu inayozungukazunguka juu ya magurudumu.

Mwisho, daftari la zamu likapata safu moja zaidi: je, roboti ilikuwa karibu? Ndiyo au hapana.

Matokeo baada ya wiki kumi

Safari za mchana zilishuka kutoka 22 kwa zamu hadi 9. Nyingine zilihamishiwa nyakati za mlo, wakazi wakiwa ukumbini na korido ikiwa tupu. Ukiniuliza, ratiba hiyo peke yake iliondoa nusu ya matatizo na haikuhitaji akili bandia hata kidogo. Muda uliookolewa ni mdogo kuliko ulioahidiwa kwenye mkataba, na mkataba ukarekebishwa.

Hakuna aliyeanguka roboti ikiwa karibu. Wiki kumi ni chache, na makao madogo yanaweza kukaa hivyo kwa bahati tu, kwa hiyo sitaijengea hoja. Mzee B hajaichapa tena. Mzee C aliganda mara mbili, mashine ikiwa imesimama sehemu yake ya kupishana, na mara zote mbili alijinasua mwenyewe.

Bibi A ndiye aliyelipa. Kwa wiki tatu hakutembea koridoni peke yake, aliomba kitimwendo. Mtu akiogopa kuanguka hupunguza kutembea, misuli hulegea, na hatari aliyoikimbia humrudia ikiwa kubwa zaidi. Mtaalamu wa viungo alimrudisha kwenye reli taratibu, kwanza mashine ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa lakini imetulia.

Uchambuzi

Watu waliposikia kisa hiki walitafuta hitilafu. Haikuwapo. Kila kanuni ilitekelezwa, na ndiyo sababu mashine ilijipa alama ya kufaulu wakati Bibi yuko sakafuni. Kosa lilikuwa katika maana ya kupisha. Mashine ilielewa kwamba kupisha ni kuachia nafasi. Bibi hakuhitaji nafasi. Alihitaji reli, na mita moja na nusu ya sakafu tupu ilikuwa kwake kama mto usio na daraja. Ukimpisha mtu unamwachia njia anayoitumia yeye. Sakafu ambayo wewe ungeitumia haimsaidii.

Mifumo mingi ya mwendo wa roboti imejengwa juu ya wazo ambalo Helbing na Molnár walilichora mwaka 1995: wapita njia ni kama chembe zinazosukumana na kuvutwa, kila mmoja akiwa na mwendo anaoutaka. Ni wazo lililofanya kazi nzuri kwa umati wa mjini. Lakini chembe haina bega baya. Haijui kwamba upande mmoja wa korido ni barabara na wa pili ni shimo. Katika makao ya wazee nguvu inayoamua mtu apite wapi mara nyingi ni kitu cha kushika, na kitu hicho hakikuwa kwenye ramani kwa sababu ya sentimita 65 za tofauti ya kimo kati ya reli na kihisi.

Adabu ya mashine pia ilikosa subira. Sekunde 8 ziliwekwa na mtu ambaye magoti yake ni mazima. Wataalamu wa uzee huhesabu mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde au chini ya hapo kuwa dalili ya udhaifu. Wakazi wengi wa hapa hawaufikii hata wakiwa na haraka. Kwa Bibi A sekunde 8 ni muda wa kuelewa kwamba kuna kitu mbele. Uamuzi wa afanye nini haujaanza.

Ninachokilaumu zaidi, hata hivyo, ni daftari. Dalili zilikuwapo. Mzee B alikuwa akisema, kwa lugha pekee aliyobaki nayo, kwamba kitu kile kinamvamia, na jibu lilikuwa aelimishwe. Tumezoea mno kuandika lalamiko la mzee kama tabia ya mzee. Safu moja ya ndiyo na hapana ingeyaweka matukio yote mawili mbele ya jicho moja. Gharama yake ni wino.

Kuhusu uamuzi wa kutotambua sura, nakiri sina uhakika wa moyo. Upo usiku nitakapoitwa kwa sababu mashine haikujua jambo ambalo ingeweza kulijua. Bado ningepiga kura ileile.

Ambalo halijatatuliwa

Kiwango cha kimataifa cha usalama, ISO 13482 cha mwaka 2014, hutenganisha roboti zinazotumwa kubeba vitu na zile zilizotengenezwa kumsaidia mtu kwa mwili. Hii ni ya kundi la kwanza. Haikupimwa kubeba uzito wa mtu anayeiegemea.

Na sisi tumeiegesha mahali reli inapokatika. Hatukuliona hilo tulipokuwa tukichora. Mkazi anafika mwisho wa reli, mbele yake kuna mlango wa stoo usio na pa kushika, na pale katikati imesimama trei imara, kimo cha kiuno, haitikisiki, ina taa tulivu ya rangi ya chungwa. Wanaishika. Magurudumu sasa hujifunga mara trei inapoguswa, na sehemu moja kati ya nne imefungwa kwa sababu sakafu yake ina mteremko kidogo. Mtengenezaji ameandika barua kwamba hawajibiki mtu akiiegemea. Uongozi umeagiza reli fupi za kufungwa kwenye milango yenyewe ya stoo, hazijafika.

Anayeishika mara nyingi kuliko wote ni Bibi A, kwa mkono wa kushoto.